Sungusungu, mwenyekiti wa mtaa, diwani: nani anahusika na nini hapa Bariadi

 

Naandika hii kwa sababu ya mshikaji wangu mmoja tuliyemaliza naye kidato cha nne. Ilikuwa msimu wa pamba, hela zipo mjini na wezi nao wapo. Jamaa alikuwa steshenari anajaza maombi ya chuo, mtandao unakatika kila dakika, akatoka pale kama saa sita usiku akiwa na begi mgongoni, ndani laptopu ya kuazima. Akapita kichochoro cha kwetu ambacho hakina taa. Doria wakamsimamisha. Unatoka wapi? Unakaa wapi? Mwenyekiti wako nani? Hapo kwenye mwenyekiti ndipo alipokwama. Anakaa mtaa huo mwaka wa nne na jina la mwenyekiti halijui! Wakafungua begi, wakaiona laptopu, fimbo mbili tatu zikatembea, na mtu mmoja kutoka nyuma akasema neno ambalo usiku hutakiwi kulisikia likielekezwa kwako: mwizi.

Kilichomuokoa ni kwamba mmoja wa wale walinzi alikuwa na namba ya mwenyekiti. Mzee akaja amevaa msuli na ndala, akamulika tochi usoni, akasema huyu namjua, mtoto wa fulani, nyumba ile pale. Yakaisha. Lakini mimi nililala najiuliza, je ningekuwa mimi? Maana na mimi nilikuwa simjui mwenyekiti wangu. Kwa hiyo nikaanza kuulizia na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane kuhusu mji wetu. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Kabla ya hapo sisi tulikuwa Shinyanga. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Bariadi ndiyo makao makuu na tuna Halmashauri ya Mji. Mji, sio jiji wala manispaa, kwa hiyo meya hatuna. Nimeona barua ya mtu imeandikwa "Kwa Mheshimiwa Meya wa Bariadi", nikacheka mpaka basi. Tunaye mwenyekiti wa halmashauri, ambaye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, na tunaye mkurugenzi wa mji ambaye ndiye mtendaji mkuu.

Huku chini watu wengi wanachanganya balozi na mwenyekiti. Balozi wa nyumba kumi ni utaratibu wa enzi za chama kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 balozi akabaki kuwa kiongozi wa chama, yaani CCM, kwenye shina lake. Ni mtu muhimu, anajua nani kafiwa na nani kahamia, lakini sio ngazi ya serikali. Serikali kwa mjini inaanzia kwenye mtaa, na vijijini inaanzia kwenye kitongoji na kijiji. (Wakenya walianzisha Nyumba Kumi yao mwaka 2013 wakitazama kwetu. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuisahau.)

Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi kila miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024, kwa hiyo mwingine ni 2029. Na hapa vijana tunajikaanga wenyewe: orodha ya wapiga kura ya mtaa ni tofauti na daftari la uchaguzi mkuu. Mwaka 2024 kujiandikisha kulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu, na ukizipitisha kadi yako ya mpiga kura haikusaidii kitu siku hiyo. Kupiga kura ni miaka 18, kugombea ni 21. Halafu anakuja mtendaji wa mtaa, huyu hachaguliwi, ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti anaongoza mkutano, mtendaji anaandika. Kumbuka hilo la kuandika, nitalirudia.

Mwenyekiti hana mshahara, ana posho tu, na hiyo posho ni kilio cha miaka nenda rudi nchi nzima. Lakini mtu huyo huyo ndiye unayemwendea kwa barua ya utambulisho ukitaka kufungua akaunti benki, ukifuatilia kitambulisho cha taifa au ukimwekea ndugu dhamana. Na ulinzi nao unamhusu. Katiba ibara ya 146 imeziwekea serikali za mitaa kazi ya kusimamia sheria na ulinzi wa wananchi, kwa hiyo mtu asikwambie ulinzi ni wa polisi peke yao.

Sasa sungusungu. Hii ni yetu jamani, haikuletwa na mradi wa wazungu. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku kwa Wasukuma na Wanyamwezi, maeneo ya Kahama na Shinyanga ya wakati ule, ikasambaa Tabora na Mwanza. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 silaha zilikuwa zimezagaa. Polisi wachache, wako mbali, na mwizi akipelekwa leo kesho mnakutana naye mnadani. Wanavijiji wakajipanga kwa upinde, mishale na filimbi. Ukipigwa mwano, yaani yowe la hatari, kila mwanaume anatoka, anayebaki ndani anajieleza. Kiongozi wao waliita ntemi, cheo cha watawala wa zamani. Jina la sungusungu ni la wale siafu weusi, na aliyewahi kuwakanyaga anaelewa kwa nini.

Wizi ulipungua kweli, wazee wote niliowauliza wanakubali. Ila wazee hao hao ukiwabana wanakwambia na upande wa pili. Kuna watu waliuawa. Kuna kina mama wazee waliosingiziwa uchawi wakapigwa na kufukuzwa. Mahakama ilikuwa pale pale chini ya mti, mshitaki na hakimu ni mtu mmoja. Anayekataa kutii anatozwa ng'ombe au anatengwa, hata moto wa kupikia haombi kwa jirani. Serikali yenyewe mwanzoni ilikuwa haina kauli moja, wengine waliona ni jeshi la wananchi, wengine wakaona ni uvunjaji wa sheria. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, sungusungu wakapata uwezo wa kukamata kama askari mgambo.

Kukamata. Soma tena hilo neno. Hakuna sheria iliyowapa kuhukumu, kuchapa wala kumtoza mtu papo kwa papo. Aliyekamatwa anatakiwa afikishwe polisi bila kucheleweshwa. Katiba ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika, na inakataza kutesa. Kwa hiyo zile fimbo alizopigwa mshikaji wangu ni kosa la jinai, hata kama angekuwa mwizi kweli. Nilimwambia akashitaki, akanijibu "nikashitaki halafu nipite wapi usiku?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mjini siku hizi wanaita ulinzi shirikishi, jina lililoshika kasi wakati polisi jamii inasukumwa na IGP Said Mwema kuanzia 2006. Inavyotakiwa, walinzi wanapendekezwa na mkutano wa mtaa, majina yanafahamika polisi, na mchango wa ulinzi unakubaliwa kwenye mkutano na kutolewa risiti. Kwetu kipindi fulani mchango ulikuwa unapita mlango kwa mlango bila hata karatasi. Tulipouliza risiti tukaambiwa sisi vijana tunaleta siasa. Haya.

Tuje kwenye kupeleka kero juu. Mimi na wenzangu sita tulikwenda mkutano wa mtaa kwa ajili ya kile kichochoro. Nakiri ulikuwa mkutano wangu wa kwanza, wamejaa wazee na kina mama, vijana tulikuwa sisi tu. Tukasema, watu wakapiga makofi, tukaondoka tumefurahi. Miezi ikapita kimya. Kumbe hoja yetu haikuandikwa! Na isipokuwa kwenye muhtasari haiendi popote. Mkutano uliofuata tukakaa karibu na mtendaji na kumuomba kwa adabu, mheshimiwa tusomee ulichoandika kuhusu taa. Akasoma, akaongeza mstari.

Muhtasari ukishapita unaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Hapo ndipo mtaa wako unashindana na mingine, mwingine anataka daraja, mwingine choo cha shule. Yanayopita diwani anayabeba kwenye baraza la madiwani. Madiwani wa sasa tuliwachagua 29 Oktoba 2025, kwa hiyo asikwambie mtu kachoka. Mji wetu una kata kumi, Somanda, Malambo, Sima, Nyakabindi na nyinginezo, na baraza ni mkutano wa wazi, unaruhusiwa kukaa nyuma ukasikiliza. Angalia na kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mitaa inatakiwa iwe imeibua vipaumbele miezi mingi kabla, na halmashauri inapitisha makadirio yake mapema mwakani. Ukipeleka hoja mwezi wa tano umechelewa, subiri mwaka mzima.

Na kuna jambo lingine linalowachosha watu. Barabara za mitaani haziko tena mikononi mwa halmashauri moja kwa moja, tangu 2017 ziko TARURA. Barabara kuu, kama ile lami ya Maswa na Lamadi, ni TANROADS. Kwa hiyo unaweza kumtukana diwani kwa taa za barabara kuu ambazo hata funguo zake hana. Kazi yake hapo ni kusukuma, kwa barua na kwa mdomo. Sisi tulipiga danadana kati ya ofisi mbili ambazo sitazitaja, kila moja inasema ni ya mwenzake, mpaka mwenyekiti wetu, yule yule wa msuli na ndala, alipobeba muhtasari akaenda mwenyewe.

Jibu tulilopata ni kwamba imeingizwa kwenye mapendekezo ya bajeti. Wakati tunasubiri, mwenye duka la kona amefunga balbu nje na vijana tunamchangia umeme, mia tano mia tano, na anaandika kwenye daftari. Doria wameanza kupitia pale kila usiku. Mshikaji wangu naye namba ya mwenyekiti anayo, kaisevu "Baba Mtaa", na nimeona kaiweka ya kwanza kabisa kwenye simu, juu ya mama yake.