Mtoto wa Nyoka na Hesabu za Galton

Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwaka 1886, huko Uingereza, Francis Galton alichapisha vipimo vinavyogusa jambo hilo: vimo vya watu wazima 928, watoto wa jozi 205 za wazazi. Vimo vya wanawake alivizidisha kwa 1.08 ili vilingane na vya wanaume, kisha akatafuta wastani wa kila baba na mama.

Alikuta kwamba wazazi warefu huelekea kuzaa watoto warefu. Lakini wazazi walipouzidi wastani wa watu wote kwa inchi 3, watoto wao waliuzidi kwa inchi kama 2 tu. Yaani y = ⅔x.

Mwanafunzi wa aljebra ataugeuza mlinganyo upesi: mtoto akizidi kwa inchi 3, wazazi wamezidi kwa inchi 4.5. La! Galton alikuta inchi 1 hivi. Maana hapa y si kimo cha mtoto mmoja, bali wastani wa watoto wengi wanaotofautiana.

Galton huyo huyo alihubiri kuchagua nani azae. Baadaye, kwa fundisho hilo, watu walifungwa uzazi kwa nguvu Marekani na Ujerumani.

Katika kufundisha walimu nilisikia mara nyingi: "Huyu mtoto wa fulani, hatafika mbali." Ndugu mwalimu, wastani wa wengi haujazi ripoti ya mmoja. Mpime yeye mwenyewe.