Trela Bila Filamu

Mabango ya taharuki yanayotengenezwa na wanafunzi wa filamu yanafanana kama ndugu: uso nusu gizani, kisu, herufi nyekundu zinazochuruzika. Damu imefika kabla hata ya jina la filamu.

Hebu turudi 1959. Bango la Anatomy of a Murder, kazi ya Saul Bass, halina kisu wala damu. Kuna umbo jeusi la mtu, limekatwa vipande kama karatasi. Basi.

Mwaka uliofuata, Alfred Hitchcock akatoa trela ya Psycho ya zaidi ya dakika 6, na karibu yote ni yeye akitutembeza kwenye nyumba na moteli kama dalali anayetafuta mpangaji. Anaanza kusimulia mauaji ya ngaziyani, anajikatiza. Mwishowe anavuta pazia la bafu, mwanamke anapiga mayowe. Lakini si Janet Leigh, anayeuawa bafuni kwenye filamu yenyewe. Ni Vera Miles, kavalishwa wigi. Yaani hata mayowe yalikuwa ya kuficha. Na ukichelewa sinemani, huingii, maana staa anakufa mapema.

Mwanafunzi ana shida ambayo Hitchcock hakuwa nayo. Mara nyingi zoezi ni trela na bango tu. Filamu haipo na haitakuwepo. Ndiyo maana anamwaga kila kitu: hana siri ya kulinda. Muulize muuaji ni nani, atakutazama tu.