Mbao za Paa: Piga Hesabu Kabla ya Lori Kuondoka

Nilipojenga Makueni, fundi alitaja futi 240 za mbao za kupigilia mabati, nami nikamuamini. Zikaisha paa likiwa wazi. Kule kijijini duka la mbao si hapo mtaa wa pili kama kwetu Mombasa; nikalipa lori mara mbili.

Hesabu yenyewe ni hii. Nyumba ilikuwa futi 30 kwa urefu pamoja na upenu, na mteremko wa paa futi 12 kila upande. Mbao zikiachana futi 3, gawanya 12 kwa 3 upate 4, kisha ongeza 1, kwani ule mstari wa kuanzia nao wataka ubao. Mistari 5, pande mbili 10, mara 30: futi 300. Hiyo moja ndiyo aliyoisahau fundi, kila upande.

Viungo navyo hula. Ukiunga mara mbili kila mstari, mbao zikipandana futi 1, ongeza futi 20.

Wenyeji wa Kitui na Makueni hupanda mukau, ambao kiini chake hukinza mchwa. Mimi naupenda. Ila magogo yake mara nyingi ni mafupi, basi uliza urefu wa kila ubao kwanza, uhesabu viungo, ndipo utoe pesa.