Sharti la Uzoefu na Haki ya Mwenye Kuanza Kazi

Katika matangazo ya kazi yatolewayo siku hizi na mashirika na makampuni ya Tanzania na Kenya, aghalabu mwombaji hutakiwa awe na shahada au stashahada na, juu ya hiyo, uzoefu usiopungua miaka 3, hata ikiwa kazi yenyewe ni ya ngazi ya chini kabisa katika idara. Na sharti hili limezoeleka mno hata kijana akirudishwa kwa sababu yake, yeye na wazazi wake hulipokea jambo hilo kama kudra, wasidhani kwamba yuko mtu wa kuulizwa. Mimi naona yuko. Sharti la uzoefu likiwekwa kwa kazi ya kuanzia halipimi ustadi wa mwombaji, bali hupima uwezo wa jamaa zake wa kumlisha akingoja. Na mwajiri aliwekaye huwatwika wengine gharama ambayo kwa insafu ni yake.

Hoja ya waajiri ni nzito, wala haifai kudharauliwa: asiyezoea hukosea, na kosa lina hasara. Basi na tuzitazame kwanza zile kazi ambazo hasara ya kosa si fedha, bali ni roho ya mtu au uhuru wake. Daktari wa Tanzania, akiisha kuhitimu masomo yake ya miaka 5, hutumikia mwaka mzima wa utarajali hospitalini, akitibu chini ya macho ya waliomtangulia, ndipo asajiliwe kamili. Na anayetaka uwakili Kenya hana budi kukaa miezi 6 chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa. Huko ambako ugeni wa mtu ungeweza kuua au kumpeleka asiye na hatia kifungoni, wakuu wa taaluma hawakumwambia kijana aende akautafute uzoefu pasipojulikana, kisha arejee. Walikiri kwamba uzoefu hupatikana kazini tu, wakaifanya njia ya kuupata kuwa sehemu ya kazi. La kusikitisha ni kwamba karani wa ghala na mhasibu msaidizi, ambao makosa yao mengi husahihishwa siku ile ile, ndio waliofungiwa mlango.

Sababu ya kufungwa huku ilielezwa vyema na mwanauchumi wa Marekani, Gary Becker, katika kitabu chake juu ya rasilimali watu kilichotoka mwaka 1964. Yako mafunzo, alieleza, yamfaayo mwajiri mmoja tu, na yako yamfaayo kila mwajiri; na haya ya pili hakuna kampuni ipendayo kuyagharimia, maana mfanyakazi akiisha kuyapata aweza kuondoka nayo kesho, akaajiriwa na mshindani. Kwa hiyo gharama humwangukia mfunzwa mwenyewe, kwa kupokea ujira mdogo. Kwa mwajiri mmoja mmoja hesabu hiyo haina dosari. Lakini wote wakiifuata huwa kama majirani waliokaa kila mmoja akimsubiri mwenziwe achimbe kisima: kila kampuni yataka mtu aliyefunzwa na kampuni nyingine, na hiyo nyingine imetoa tangazo lile lile.

Na huo ujira mdogo, kwetu mara nyingi haupo kabisa. Namfahamu kijana mmoja wa Mombasa, mwenye shahada ya biashara, aliyejitolea katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alianza kwa kupeleka makaratasi. Akaja akajua kuisoma hati ya shehena na kuilinganisha na manifesti ya meli, kulitambua kasha lililokaribia kutozwa ada ya kuchelewa, na dirisha la kuliendea nyaraka zikikwama forodhani. Nauli ya matatu ilitoka kwa mama yake, muuza mbaazi na mahamri, na chakula chake cha mchana kilikuwa ni hayo mahamri. Alipoomba kazi hiyo hiyo penginepo alitakiwa alete barua ya mwajiri na hati za mshahara. Hakuwa nazo, kwa kuwa hakupata kuwa na mkataba, na miezi yote ile ikahesabiwa si kitu. Huyu walau alikuwa na mama mjini. Mwenziwe wa Garsen mwenye shahada ile ile, asiye na jamaa wa kumpa kitanda Mombasa, hata huko kujitolea hakukuweza. Na mbele ya msaili wote wawili wakawa sawasawa, hawana uzoefu.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kumpa mwajiri kinga anayodai kuikosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri kwa muda usiofika miezi 6 ulinzi wa ile sehemu ihusuyo kuachishwa kazi isivyo haki. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeruhusu kipindi cha majaribio cha miezi 6, kiwezacho kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi hadi mwaka, ambamo mkataba huvunjwa kwa notisi ya siku 7. Majaribio hayo yaliwekwa kwa ajili gani, kama si kumtazama mtu ambaye uwezo wake haujajulikana?

Fauka ya hayo, sisi tulipaswa kuitambua hoja hii ya kukosa uzoefu mara tuionapo, maana iliwahi kutumiwa dhidi ya taifa zima. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika ulikadiria kwamba nchi ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25, na watawala wa Kiingereza wakaona hata makadirio hayo ni ya pupa. Uhuru ulipatikana 1961, na Waafrika wakakabidhiwa ofisi ambazo hawakupata kuziongoza. Walikosea, wakajifunza humo humo, kwani hapakuwa na mahali pengine pa kujifunzia. Ni kweli kwamba baadaye sisi wenyewe tuliudai uzoefu, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipowataka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Lakini waliolitoa ndio walioshika serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu wa nchi. Mtu aweza kuupinga mpango ule kwa mengine, nami ninayo yangu, ila aliyedai uzoefu ndiye aliyeshika pia mlango wa kuupatia.

Wako wasemao kwamba dawa ni uanagenzi. Ni dawa, maadamu una ujira wa haki na una mwisho. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi wa Kenya, waliochukuliwa mwaka 2023 kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi, walikuwa wamekwisha kuhitimu na kusajiliwa, na vipindi walivyofundisha vilikuwa vya mwalimu kamili. Aprili 2024 mahakama ya ajira ikaamua kwamba mwajiri wao hakuwa na mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Ninachodai mimi hakiwezi kuwaelemea waajiri: kazi ya kuanzia isitangazwe kwa sharti la miaka, isipokuwa mwajiri ameonyesha kwa maandishi hatari inayolilazimisha, na kila ofisi imtumiayo kijana bila mshahara imlipe walau nauli na chakula, na siku aondokapo impe barua yenye muhuri itajayo kazi alizozifanya na muda wake, nayo barua hiyo ikubaliwe na msaili kuwa ni uzoefu.