Nguo ya Mwungwana

Mwungwana akivuliwa nguo huchutama, ndivyo wasemavyo Waswahili. Methali hii hutajwa kwa wema, kusifu haya ya mtu aliyefikwa na fedheha. Lakini ndani yake mna dai lililojificha, kwamba yuko mtu mwingine ambaye akivuliwa nguo hatajali. Mtu huyo ni nani? Katika Unguja ya karne ya 19 hata mtoto alilijua jibu. Alikuwa mtumwa, na neno mwungwana, kabla halijawa sifa ya tabia, lilikuwa jina la cheo cha kuzaliwa. Uhuru na adabu vilitiwa katika neno moja, hata ikawa vigumu kwa lugha yenyewe kumtaja mtumwa mwenye adabu.

Wala tofauti hiyo haikuachiwa maneno peke yake. Ilivaliwa. Mtumwa mwanamume hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mwanamke alijifunga merikani, nguo isiyotiwa rangi iliyopata jina lake kwa Wamarekani walioileta, au kaniki nyeusi, na kichwa chake kilikuwa wazi. Mpita njia hakuwa na haja ya kuuliza. Alitazama miguu, akatazama kichwa, akajua ni nani wa kuamkiwa na ni nani wa kutumwa. Upendeleo wa namna hii haumgharimu mwenyewe hata fikira. Aliyevaa kofia alisahau kuwa amevaa. Aliyekatazwa aliikumbuka kila asubuhi.

Amri ya Sultani Hamud bin Muhammed, ya tarehe 6 Aprili 1897, iliondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, lakini iliuondoa shingo upande. Mtumwa hakuwa huru kwa kupambazuka siku; ilimpasa aende mahakamani akaombe, na fidia ikalipwa kwa bwana, si kwake. Aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria waliwekwa kando mpaka mwaka 1909. Na hata kama amri hiyo ingalikuwa kamilifu, ingalikomea mlangoni pa mahakama. Hapana sultani awezaye kuamuru namna mtu amtazamavyo jirani yake sokoni.

Walioachwa huru walilijua jambo hili, wakajibu kwa silaha ile ile iliyowapiga. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki wakanunua kanga, iliyokuwa imeanza kuenea katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kisha wakajifunika buibui. Hapakukosa wa kuwacheka, wala hapakukosa wa kusema kuwa wanajikweza. Mwanahistoria naye huweza kushawishika kuyaita mambo hayo anasa za wapenda mapambo. Akifanya hivyo atakuwa amekaa barazani pamoja na wale wenye kucheka. Mtu aliyenyimwa kofia maisha yake yote hainunui kwa sababu ya jua.

Hata hivyo picha hii ina kivuli chake, na si haki kukificha. Wengi waliopanda ngazi hawakuivunja. Waliiacha pale pale, wakamtafuta wa kusimama chini yao. Aliyetoka bara jana aliitwa mshenzi na aliyefika juzi. Wakati huo huo kipimo chenyewe kilikuwa kimekwisha kubadilika: neno uungwana lilikuwa likimpisha neno ustaarabu, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni kujifanya Mwarabu. Heshima haikupimwa tena kwa kuzaliwa huru katika mji wa pwani tu, bali kwa kuwa karibu na Arabuni. Hata jina la Mswahili likaingia doa. Baina ya hesabu ya watu ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931, maelfu ya watu waliliacha jina hilo wakajiandikisha kwa majina mengine, maana lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Walikuwa wakisema Kiswahili walipokuwa wakikana kuwa Waswahili.

Karibu na mwaka 1880 palizaliwa Fumba, katika ukoo wa watumwa, binti aliyeitwa Mtumwa binti Saad. Jina hilo si geni Unguja, lakini kwake lilikuwa jina na habari pamoja. Aliuza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba taarabu, ambayo katika jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Wakati huo alikuwa akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Wapo wasemao kuwa kisa hiki kinaonyesha jinsi kipawa kinavyoshinda dhana za watu. Labda; lakini dhana hizo hazikutaka kumsifu kwa jina alilozaliwa nalo. Ilibidi livuliwe kwanza, kama kaniki. Siti alifariki mwaka 1950. Wanawake wengine walioitwa Mtumwa, wasiokuwa na sauti ya kuimba, walilibeba jina lao mpaka mwisho.