Ngoma Iliyofungiwa Ndani

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Hawakutuambia ngoma hiyo ikifungiwa ndani inakuwaje. Sisi tuliambiwa na mama mwenye nyumba, pale Msamala, Songea.

Tulikuwa vijana wanne na geto moja la matofali ya kuchoma, bati juu. Spika zetu mbili kubwa tulizisukuma, kila moja kwenye pembe yake, tukaona bomba kweli. Kila Jumamosi tulisoma mashairi yetu juu ya muziki. Siku moja mshikaji wetu akasoma shairi alilomwandikia marehemu baba yake. Alipomaliza tu, mlango ukagongwa.

"Wanangu," mama akasema, "vyombo vyangu vimecheza kabatini muda wote. Lakini huyo kijana alikuwa anasema nini?"

Hakuna aliyejibu. Hata sisi tuliokuwa ndani hatukuwa tumesikia.

Kosa letu lina historia. Lizombe, ngoma ya Wangoni, huchezwa uwanjani. Mvumo wake unakwenda zake kuelekea mashambani, haurudi kudai kitu. Ila mwaka 1925 Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya waya uliozungushwa, sumaku na karatasi, ambayo hadi leo ndiyo mama wa spika nyingi tunazozijua. Kwa spika ya namna hiyo ngoma ikaweza kuhamia sebuleni. Ngoma iliingia, uwanja ukabaki nje.

Miaka 30 kabla ya hapo, mwaka 1895, Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara uliowashinda watu. Neno moja likitamkwa humo lilining'inia kama sekunde 5.5, na maneno yakakanyagana. Usiku usiku Sabine akabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapuliza bomba la kinanda, akapima kwa saa mvumo unavyokufa. Mito ilipoongezeka, mvumo ulikufa upesi zaidi. Vitu laini hula sauti.

Sisi somo hilo tulilipata nusu nusu: tukabandika trei za mayai ukutani! Besi ikabaki na jeuri yake ile ile.

Kwa nini? Hebu tupige hesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Geto letu lilikuwa mita 4 kwa 4. Besi yenye mitetemo 43 hivi kwa sekunde ina wimbi la mita 8, mara mbili ya chumba. Inagonga ukuta, inarudi, inakutana na yenyewe na kujiongezea nguvu. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta zote nne zinashikilia noti hiyo hiyo. Wimbi la mita 8 litaogopa trei ya mayai? Tena besi hujaa zaidi kwenye pembe, na ndipo hasa tulipoziweka spika.

Basi tukaanza upya. Jirani muuza mitumba akatuazima magunia ya nguo, yasiyoshindiliwa sana. Tukayapanga kwenye pembe hadi karibu na dari, maana besi inataka kitu kinene, siyo zulia. Spika tukazivuta mbali na pembe. Viti tukavisogeza kutoka ukutani, kwa sababu hata msikilizaji akiegemea ukuta besi inamvamia. Mwisho, kitufe cha besi tukakirudisha nyuma, kwa shingo upande, nakiri.

Mvumo haukuisha. Chumba cha mraba ni mkaidi. Lakini ulipungua kiasi cha kuacha nafasi, na mshikaji akasoma tena. Safari hii tulimsikia baba yake akirudi kutoka shambani, jembe begani. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Hakugonga. Aliomba ubeti wa mwisho urudiwe.

Wewe unayeandika, siku maneno yako yasiposikika, usikimbilie kuongeza sauti. Sisi tuliongeza kwa miezi mingi, na mtu aliyekufa akafa tena katikati yetu bila kusikika. Kwanza zunguka chumba, weka sikio kwenye pembe, usikie ni nini kinachokujibu.