Kuiamsha injini ya trekta iliyolala miaka mingi

Injini ya dizeli iliyokaa miaka kumi bila kuwashwa mara nyingi haijafa. Huuliwa siku ile ya kuiwasha. Mtu huja na betri mbili, akaunganisha, akabonyeza stata. Ikigoma, trekta hufungwa mnyororo nyuma ya lori na kuburutwa likiwa kwenye gia. Kinachosikika hapo ni chuma kuvunjika, na mali ya familia huishia kuuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kazi hii inafaa kufanywa kama mafundi wa jua kali wenye subira wanavyoifanya, na Kawangware, magharibi mwa Nairobi, hawakosekani. Msomaji wa Mpeketoni au Msambweni atauliza: Kawangware kuna shamba gani? Shamba hakuna, ni bati kwa bati. Lakini gereji za uwanjani zipo, mashamba ya Kikuyu na Limuru hayako mbali, na maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, yako katikati ya jiji. Injini hushushwa kutoka kwenye trekta ikapelekwa kwa pikapu. (Jina la mtaa huo lenyewe husemwa limetokana na ngware, ndege ambaye sisi twamwita kwale. Watu wa Kwale wasijione wageni huko.)

Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, trekta dogo lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambalo bado linaonekana mashambani. Injini yake ya dizeli ni Perkins ya silinda 3, lita 2.5. Haina kompyuta, na vipuri vyake havijakatika, kwa kuwa huko Pakistani matrekta ya ukoo huo yameendelea kutengenezwa. Hilo lipimwe kabla ya kutoa hata shilingi. Injini isiyo na vipuri sokoni, hata ikiamka leo, pampu ya maji ikiharibika kesho huna pa kwenda.

Fundi mzuri huanza kwa kuangalia bomba la moshi. Bomba la trekta hili aghalabu husimama wima, mdomo juu. Kama halikufunikwa, mvua ya masika yote iliingia humo. Injini inaposimama, kuna silinda ambayo valvu yake ya moshi imebaki wazi, na maji hushuka mpaka humo, yakakaa juu ya pistoni. Ndiyo maana unaweza kukuta silinda mbili safi kama jana na ya tatu imeshikwa na kutu kabisa. Kwetu pwani hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu hewa yenyewe ina chumvi. Chungulia pia kwenye njia ya kuingizia hewa. Panya hupapenda, na nyuki vilevile.

Kisha oili. Legeza nati ya sampo pole pole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inaonyesha maji yamechanganyika nayo, na hapo ni lazima chanzo kitafutwe: mvua, gasketi ya silinda hedi, au bloku iliyopasuka. Bloku ikiwa imepasuka, mimi ningesimama hapo hapo na kutafuta injini nyingine. Kuchomelea bloku ni kazi ya watu wachache sana, na wengi wanaosema wanaiweza hawaiwezi.

Sasa kuzungusha. Stata isiguswe bado. Toa nozeli zote tatu, mimina ndani ya kila silinda oili nyepesi ya kupenyeza kutu. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, mchanganyiko mkali unaoshika moto haraka, basi sigara ikae mbali. Acha siku mbili, tatu, hata wiki. Halafu tia spana kwenye nati ya puli ya kranki, ujaribu kuzungusha kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa ukucha, imekubali. Ongeza oili, rudia kesho. Isiposogea kabisa baada ya wiki, fungua silinda hedi utazame kwa macho. Kuongeza urefu wa spana kwa bomba ndiko kunakovunja ringi na kupinda mikono ya pistoni.

Ikizunguka, bado kuna valvu. Fungua kifuniko cha juu, zungusha kwa mkono na utazame kila valvu inavyoshuka na kupanda. Iliyokwama itapinda kijiti chake mara tu stata itakapopigwa. Nafasi ya valvu za injini hii, ikiwa baridi, ni milimita 0.30.

Dizeli ya zamani imwagwe yote. Imeshageuka utomvu, na chini ya tangi kuna maji na matope. Osha tangi, badilisha filta, na upeleke pampu ya dizeli na nozeli kwa wenye mashine ya kupimia. Ndipo wengi wanapobana pesa, nami naona ndipo pasipofaa kubana. Kidude cha ndani cha pampu kinachopima dizeli kikiwa kimeganda mahali pa kupitisha nyingi, injini itawaka na kupanda kasi bila kusikia amri, hadi ipasuke. Kwa hiyo siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame kando ya njia ya hewa akiwa na ubao bapa wa kuiziba. Asitumie mkono, wala kitambaa, maana vyote huvutwa.

Toa hewa kwenye mabomba ya dizeli, kuanzia filta, kisha pampu, mwisho nozeli. Usiweke kidole mbele ya nozeli kamwe. Dizeli inayotoka humo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumkosesha mtu mkono. Tia oili mpya, uvute kitasa cha kuzimia ili dizeli isipite, kisha upige stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Hapo tu ndipo dizeli iruhusiwe.

Ikishawaka, macho yawe kwenye geji. Ikishuka hadi chini, zima mara moja. Moshi mweupe wa mwanzoni usikutishe. Wa buluu usiokwisha baada ya injini kupata moto unasema ringi au valvu zinapitisha oili. Kwenye rejeta tia maji safi na dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kisima chenye chumvi yataila injini kwa ndani. Baada ya saa chache za kazi, oili imwagwe tena, kwa sababu imebeba kutu yote iliyobanduka.

Kama injini inarudi pwani, kuna jambo moja la kumwambia fundi. Nairobi iko juu, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo moshi mweusi kidogo ukibebeshwa mzigo huko si ajabu. Asikaze skrubu ya pampu kupunguza dizeli ili kuufuta. Huku chini moshi huo utapungua wenyewe, na skrubu ikiwa imekazwa trekta litashindwa na jembe. Na kabla injini haijapandishwa kwenye gari, bomba la moshi livishwe kopo.